Kitovu cha Mwenye Pasipoti

Kitovu cha mjukuu kilifika kisiwani Chovae, pwani ya Somalia, kimefungwa kwenye karatasi ya chokoleti. Mwanaesha alikifungulia mapajani: kikavu, cheusi, kidogo kama karafuu mbili. Akacheka peke yake, kisha akampigia bintiye aliyeko Kanada.

Miezi mitatu nyuma, binti huyo huyo alimsomea sheria za uraia za dunia nzima. Mtoto wa dada yake kazaliwa Mombasa, na Kenya haimtambui kwa kuwa wazazi si Wakenya. Wa kaka yake kazaliwa Uingereza, na huko wanauliza kwanza karatasi za wazazi.

"Huku Kanada, mama, mchu yeyote akizaliwa tu ni raia wao. Vitovu vya wale vizike hapo, nao wapate pa kwao. Wangu ana pasipoti, hahitaji."

Sasa uso wa binti ulitokea kwenye simu, macho yamemvimba.

"Nilikiweka droo moja na pasipoti yake," alisema. "Kila nikifungua, nakiona. Usinicheke, mama."

"Nani acheka?"

"Nafasi bado ipo?"

Mwanaesha akaigeuza simu kuelekea nyuma ya jiko, palipokuwa na miche mitatu ya minazi. Kwenye mashina ya miwili alikuwa ameshazika vitovu vya Mombasa na Uingereza.

"Na huo wa tatu wa nani?"

"Wake," akasema Mwanaesha, akiokota jembe. "Niliupanda siku ile ile uliyonambia hahitaji. Ulidhani nilikuwa nakusikiliza?"