Kapu la Mwalimu

Kapu lilianza kulia kabla sahani hazijapangwa mezani.

Hakuna aliyeligusa. Thubutu! Lilikuwa kapu kubwa lenye kifuniko, limekaa juu ya kabati karibu na mlango, na sheria yake ilijulikana kwa kila aliyewahi kula katika nyumba ile: unaingia, unatumbukiza simu yako humo, unakaa. Huigusi tena mpaka Mwalimu amalize kula. "Simu," alikuwa akisema huyo baba yao, mwalimu mstaafu asiyejua kunong'ona, "ni mgeni asiyebisha hodi. Anaingia, anakaa katikati yenu, na nyinyi wenye nyumba mnampisha!" Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Aliyemtaka alijua anapokaa.

"Hiyo ni yako, Dada," alisema kinyozi, mdogo wake wa kiume, akiutambua mlio.

"Naisikia."

"Hupokei?"

"Hivi wewe unanitakia mema kweli?"

Kinyozi akacheka. Dada hakucheka. Mwaka jana, kwenye meza hii hii, mteja aliyemshonea gauni la harusi alimpigia naye akapokea. Neno moja tu, "Halo." Mwalimu akaweka kijiko chini. "Ondoka na mgeni wako," alisema, na kabla Dada hajafika getini, mzee alikuwa amekibeba kiti chake anakipeleka stoo. Miezi kumi na moja hawakusemezana. Alishona nguo za watu huku machozi yakimdondokea juu ya cherehani, lakini kwenda kuomba radhi hakwenda. Ule ukaidi hakuuokota njiani, aliurithi. Mpaka juzi, mama yake alipomfuata kazini. Baba yako anasema Jumapili uje kula.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza sasa.

"Kaenda stoo kuleta kiti chako." Mama alijitahidi asitabasamu, akashindwa. "Nimemwambia vijana watakileta, akaniwakia. 'Nilikitoa mwenyewe, nitakirudisha mwenyewe. Asinifuate mtu!'"

Basi Dada akabaki amesimama kwenye lile pengo la meza. Viti vingine vilikuwepo, lakini alikitaka chake. Mtu mzima mwenye watoto wawili, utadhani anasubiri matokeo ya mtihani.

Kapu likanyamaza. Halafu likaanza tena, kwa mlio mwingine.

"Na hiyo yangu," alisema kinyozi. "Wateja bwana! Hata Jumapili mchana vichwa vinawawasha."

Ikakatika. Ukafuata mlio wa tatu, na safari hii aliyeguna alikuwa nesi, kitinda mimba wao. "Wodini hao. Nikipokea tu, wananiita zamu. Wala sipokei."

Kisha ikaita tena ya Dada.

"Leo kuna nini, jamani?" alisema mama. "Ndiyo maana mzee anayachukia hayo madude. Na wiki iliyopita nilidhani kabadilika, maana aliniomba namba zenu. Kaziandika kwenye daftari, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, utadhani anaita mahudhurio. Namuuliza za nini, ananiambia nishughulike na yangu."

Ikaita ya kinyozi. Ikaita ya nesi. Ikarudi ya Dada, na mkono wake ukaenda wenyewe hadi kwenye kifuniko.

"Dada!" nesi alinong'ona. "Utajiharibia siku."

Akaurudisha mkono haraka. Hapana, leo hapana. Kama dunia inaungua, na iungue. Watazima moto baada ya chakula.

"Washa redio," alimwambia kinyozi. "Akiingia akalikuta kapu linapiga kelele hivi, atatoa hotuba mpaka chakula kipoe."

Kinyozi akawasha, akaongeza sauti, na kapu halikusikika tena. Wakapiga soga. Dada aliona kwamba mdogo wake ameota mvi, anazinyoa ili zisionekane, wakamtania hadi akafunika kichwa kwa kitambaa cha meza. Aliona pia kwamba nesi amekonda. Alikuwa akizungumza nao kwenye simu karibu kila siku na mambo hayo hakuwa anayajua. Mzee anasema kweli, aliwaza, na akaamua kwamba atamwambia hivyo hivyo, mbele ya wote, akishakaa.

Mchuzi ukaanza kuganda.

"Kiti gani hicho kisichofika?" Mama alitazama saa ya ukutani. Nusu saa nzima. "Lazima anakipiga msasa, namjua. Zima redio. Dada, nenda wewe kamwite, leo hatakufokea."

Redio ikazimwa. Kapu lilikuwa kimya. Dada alipolipita, shetani akamnong'oneza kwamba mzee hayupo, mara moja tu haidhuru, akaichomoa simu yake na kutoka nayo mpaka kwenye ngazi ya uani. Alikuwa amepigiwa mara tisa, na zote tisa zilitoka kwenye namba moja asiyoijua.

"Ebo!" Kinyozi naye alikuwa ameshachomoa yake, na nesi ya kwake, wakamfuata pale ngazini. Wakalinganisha. Namba ni ile ile.

"Nani huyu anayetutafuta sote watatu?"

"Matapeli hao, nani mwingine."

"Mpigie umsikie," alisema nesi. "Haraka, kabla mzee hajatoka."

Dada akabonyeza, akaiweka sikioni.

Ng'ambo ya ua, nyuma ya mlango wa stoo, simu ikaanza kuita. Iliita, ikaita, mpaka ikakatika.