Sungura wa Kijani

"Nyota moja!" Mshonaji alikuwa akimsomea mumewe, kutoka kwenye kioo cha simu, maoni ya msomaji kuhusu kitabu chake cha wanasesere wa soksi. "'Eti kitabu cha kuchekesha! Kukatakata soksi ndiyo kazi ya mtu mzima? Na yule sungura wa kijani kakodoa macho kama aliyekabwa koo. Upuuzi mtupu!'"

Mumewe alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu aende kazini. "Achana nao, mke wangu, wana wivu tu. Mimi nimekisoma chote, nikacheka mpaka basi."

Mshonaji akalirudia neno moja kimoyomoyo: kijani.

Picha zote za kitabu kile zilichapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Sungura mwenyewe hajawahi kutoka humu nyumbani. Amekaa juu ya friji, kashonwa kwa soksi ya kuchezea mpira ambayo mumewe aliilalamikia mwezi mzima.

Kumbe bwana huyu hata kukifungua, hakukifungua.

Akachukua mkasi wake mkubwa wa vitambaa, akaufuta taratibu kwenye sketi.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya asali, "hebu vua viatu. Na soksi."