Nyasi za Njia ya Kisimani

Mume wangu alisimama ghafla njiani, akavua viatu.

"Mama Zipora," akaniambia, "nyasi zimerudi."

Haoni tangu ujana wake, lakini zamani alishuka kisimani peke yake. Nyasi za pembeni zilimgusa magotini, zikamwonyesha njia. Alipofika kwenye miti ya mivengi, harufu ya matunda yaliyoiva ilimwambia akunje kona. Nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni, akirudi na debe la maji huku anaimba.

Kisha Mwingereza akahimiza miti ya miwati, na sisi wa Mahongole tukaipanda, maana magome yake yalinunuliwa. Mbegu zikasambaa hadi njiani, na chini ya miwati hakukuota nyasi tena. Miguu yake ikashindwa kutofautisha njia na shamba la mtu. Alipotea, akaokotwa na majirani, na tangu siku hiyo hakutoka bila mkono wangu.

Kisima kilipoanza kukauka kwa sababu miwati hunywa maji mno, sisi wanawake tuling'oa miwati yote ya njiani, tukapanda tena mivengi, ambayo hutunza maji. Nyasi zilijiotea zenyewe. Tulikuwa tunafikiria maji tu.

Sasa aliinama, akazipapasa kwa kiganja kama anayepapasa kichwa cha mtoto. Umande ulimlowesha mkono wa koti.

"Niachie mkono," akasema.

"Mawe ya kule chini yanateleza, Baba Zipora."

"Nayajua."

Miaka yote hiyo nililalamika kwamba mkono wangu haupumziki. Sasa vidole vyangu ndivyo vilivyogoma kufunguka.

Akavifungua yeye, kimoja kimoja.