Fungu la 417

"Weka kisu chini, Dada," Pil-soon alimnong'oneza. "Soko zima linakutazama."

Bibi Geum-nyeo hakukiweka. Aliendelea kukata muk, ile jeli ya kahawia ya mbegu za mwaloni, vipande vinene vikitetemeka kwenye ubao. Kando ya bakuli palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa. Pil-soon muuza samaki, ambaye hakuna jambo la soko la Hwadong lililowahi kumpita, alichungulia. Mfuko wa nailoni. Ndani yake, kifuniko cha plastiki cha kiwandani. Akasoma namba.

"Mia nne kumi na saba! Si ndilo fungu la kiwandani lililoamriwa kurudishwa hili?"

"Ndilo."

"Si walisema usile, usionje, usimpe hata paka? Rudisha ulikonunua, osha friji kwa maji ya moto? Tangazo si lile pale nguzoni?"

"Nimelisoma mpaka naweza kukukariria."

Angeachaje kulisoma? Mjukuu wake Da-on, mtoto wa miaka sita, alikula muk ya fungu hilo mezani kwake siku nne nzima kabla tangazo halijabandikwa. Sasa yuko hospitali, figo zimegoma, damu yake inasafishwa na mashine.

Na kampuni iliyotengeneza muk hiyo? Kampuni ilisema inakusanya bidhaa zake "kwa tahadhari tu". Vijidudu, walisema, havikutoka kiwandani. Viliingia sokoni, kwenye meza za mabibi wasionawa mikono. Hawakutaja jina, na hapakuwa na haja. Nani asiyejua mtoto alilishwa na nani? Geum-nyeo aliwapelekea watu wa afya chombo alicholia Da-on pamoja na kifuniko chake, wakamrudishia: kimeshafunguliwa, hicho si ushahidi. Wateja wa miaka ishirini wakaanza kupita mbele ya meza yake wakitazama juu, kama wanahesabu balbu.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkwama kooni ni ujumbe wa mkwe wake, Hye-rin: *Mama, usije hospitali. Naomba usimguse tena mwanangu.*

"Mwenyekiti wa kampuni anakuja leo kula muk mbele ya kamera," Pil-soon alisema. "Anataka kuonyesha nchi nzima kuwa vitu vyao ni salama."

"Ndiyo maana nakata vinene."

"Dada, utafungwa! Da-on atoke hospitali akute bibi yake yuko jela?"

"Nipishe, Pil-soon. Unanizibia njia."

Mwenyekiti Pyo aliingia amevaa koti la kazi la kiwandani, jipya, mikunjo ya dukani ingali inaonekana mgongoni. Nyuma yake wapiga picha, na nyuma ya wapiga picha wasaidizi na masinia ya muk waliyokuja nayo wenyewe. Kila kona alisimama, akameza kipande kutoka sinia lake, akainua kidole gumba. "Safi! Salama!" Walimzungusha mbali kabisa na meza ya Geum-nyeo.

Geum-nyeo akawakatia njia na bakuli lake.

"Mwanangu Mwenyekiti! Unapita meza ya bibi kizee bila kuonja? Mama yako ndivyo alivyokulea?"

Soko likaangua kicheko. Hakuna mkubwa wa nchi ile anayekataa tonge la bibi wa sokoni mbele ya kamera. Hata waomba kura hufumba macho wakameza. Pyo akapanua mdomo. Geum-nyeo akamtia kipande kwa vidole vyake vitatu.

"Mmm!" Pyo aliwageukia wapiga picha, shavu limejaa. "Mnaona? Hii ndiyo ladha yetu! Miaka thelathini haijabadilika!"

"Una hakika ni yenu?"

"Bibi, muk yangu naijua hata ukinifunga macho."

"Basi ongeza."

Akamtia cha pili. Pil-soon alikuwa ameshajifunika uso kwa aproni.

Ndipo Geum-nyeo akauchukua ule mfuko wa nailoni akauinua juu, kila kamera ione.

"Mia nne kumi na saba. Haya, mwambie mkwe wangu kwamba fungu hili halina kitu. Mwambie kwa mdomo huohuo unaotafunia."

Taya la Pyo lilisimama. Kisha akatema. Alitema kwenye koti lake jipya, akatema kwenye viatu vya mpiga picha, akajisokomeza vidole kooni mpaka machozi yakamtoka.

"Gari! Leteni gari! Kizee mshenzi wewe, umeniua! Fungu hili lilikutwa na vijidudu kabla halijatoka kiwandani! Majibu ya maabara niliyaona mimi mwenyewe!"

Taa nyekundu za kamera zilikuwa zinawaka bado. Msaidizi mmoja aliruka kuziba lenzi kwa kiganja; muuza vitunguu akakichapa kile kiganja kwa fungu zima la vitunguu vya majani.

"Rudia," Geum-nyeo alisema. "Yupo mtu mmoja hospitali hajasikia vizuri."

Wasaidizi walishambeba Pyo wakikimbia naye, huku akiwagombeza wanaenda polepole.

Geum-nyeo aliketi kwenye kigoda chake, akapakata bakuli, akatia kipande mdomoni. Akatafuna taratibu. Akachukua kingine.

"Tema!" Pil-soon alimrukia, akamshika mashavu kwa mikono yake miwili yenye magamba ya samaki. "Tema, mwendawazimu wewe, tema!"

"Niteme nini? Nimeikoroga mwenyewe jana jioni, mpaka sasa bega linaniuma."