Mistari Minne ya DJ Bati

"Hakuna chanzo," Kifutio aliandika, na sentensi nzima ikatoweka.

Dada wa mapokezi alisonya kwa nguvu mpaka mgonjwa aliyekuwa akisubiri kung'olewa jino akageuka. Akamwomba radhi kwa tabasamu, akarudi kwenye skrini. Nyuma ya mlango daktari alikuwa ameshawasha mashine ya kutoboa meno, kwa hiyo dada alikuwa na muda wa kufanya yake.

Dada huyo alikuwa akimpigania mchumba wake, DJ Bati, mpiga muziki wa kielektroniki aliyejifunzia kazi chini ya paa la bati, jina likamganda. Akipiga, kumbi zinajaa mpaka nje. Lakini kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu anaruhusiwa kufuta, wasifu wake ulikuwa mistari minne tu, na mmoja ulihusu polisi.

Baba alikuwa ameusoma. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

"Mwanangu, mtu anataka kukuoa, namtafuta nimjue, napata mistari minne," Baba alisema siku DJ Bati alipotajwa mezani. "Na katika hiyo minne kakamatwa kwa kelele. Huyo asikanyage hapa."

"Baba, ungemwona mwenyewe kwanza."

"Nimwone wa nini? Nimekagua mizani za maduka mpaka nimestaafu. Mizani haisomwi kwa kumtazama usoni mwenye duka."

Basi binti akajiandikisha kwenye kamusi kwa jina la Mtetezi, akaanza kuunenepesha wasifu. Kanuni zinakataza ndugu wa mtu kuandika habari zake, lakini mchumba ambaye hata mlangoni hajafika si ndugu bado, alijiambia, na penye nia pana njia. Akaandika kwamba DJ Bati ni mpole, ana kipaji cha kuzaliwa, anampenda mama yake na hagusi vitunguu.

Yule mhariri aliyejiita Kifutio alifyeka vyote kabla chai haijapoa. "Hii ni kamusi, si barua ya mapenzi," aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano. "Una undugu na mhusika?"

"Hapana," Mtetezi alijibu, uso ukimwaka ingawa hakuna aliyemwona.

Vita vikaanza. Akiongeza sifa, Kifutio anazipunguza. Akiandika "maarufu sana", anaulizwa nani kapima. Binti akaamini kabisa kwamba huyo ni mwanafunzi fulani wa kula na kulala, au DJ mwenzake mwenye kijicho.

Mwisho akaacha kusifu, akaanza kutafuta. Akapata mahojiano ya gazeti, tuzo moja, na habari ya vijana aliowafundisha kazi bila malipo. Kila alilolileta na ushahidi lilibaki. Kisha Kifutio naye akaleta lake: alikuwa amekwenda maktaba kupekua magazeti ya zamani, akagundua kwamba kesi ya kelele ilifutwa, kwani spika zilizowakosesha majirani usingizi zilikuwa za ukumbi wa pili.

"Tuliandika nusu ya habari," Kifutio alisema. "Mtu wa watu kachafuliwa jina bure."

Kesho yake akasahihisha sehemu ya muziki. "Wimbo wa tatu wa albamu yake hauanzi na ngoma, unaanza na kinanda. Nimeurudia mara nyingi. Si mbaya."

Binti alicheka peke yake pale mapokezi. Adui alikuwa ameanza kulainika, na wasifu sasa ulikuwa unasomeka kama wa mtu mwenye mama na baba.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Baba alikuwa kwenye kiti chake, vipokea sauti vikubwa masikioni, akisikiliza taarifa ya habari kama kawaida yake tangu astaafu. Kichwa kilimwinamia, kikainuka, kikamwinamia tena.

"Mwamshe baba yako akalale kitandani," Mama alisema. "Atavunjika shingo."

Binti alimgusa bega. "Baba, wasifu wa yule mtu umeongezeka. Ungeusoma tena."

"Mtu gani?" Baba aliuliza, akarudisha vipokea sauti masikioni.

Mama alimvuta binti jikoni. "Muache. Baba yako ukimsukuma ndiyo kwanza anakaa."

Lakini muda wa kumuacha haukuwapo. DJ Bati alikuwa amepata mkataba wa ng'ambo, mwaka mzima, na mwisho wa mwezi anaondoka. "Nikiondoka bila kumwona mzee," alimwambia kwenye simu, "nitarudi nikukute umeozwa kwa mkaguzi mwenzake." Alisema kwa utani, ila hakucheka.

Asubuhi, roho ikimuuma, binti aliongeza sentensi moja mwishoni mwa wasifu: "DJ Bati ana mchumba." Alijua haina chanzo. Alitaka tu iwe imeandikwa mahali.

Kifutio aliifuta papo hapo. "Nani kasema?"

Binti alilia kidogo, akajifuta kwa pamba ya daktari. Kweli, nani kasema? Kwao hakuna aliyekubali kulisema.

Jioni, kabla ya kufunga kliniki, aliufungua ukurasa kwa mara ya mwisho. Sentensi ilikuwa imerudi, na aliyeirudisha ni Kifutio. Pa kuweka chanzo palisomeka: "Baba wa mchumba."

Na kwenye majadiliano: "Mlete Jumapili. Ila kanuni ni kanuni, ndugu wa mhusika hawaruhusiwi kuandika hapa, kwa hiyo kuanzia leo, mwanangu, mimi na wewe tuuache huu ukurasa."