Utepe kwenye Mti wa Mbonea

Siku hizo kila aliyefariki alizikwa chini ya mche wake, na msitu huo wa makaburi ulisimamiwa na wanafunzi wa kidato cha tatu waliokuwa kwenye mafunzo ya mazingira. Kila kiangazi, maji yalipopungua, kiongozi wao aliifunga utepe mweupe miti itakayobaki. Isiyo na utepe ilikatwa.

Bi Nakijwa alipanda kilimani na bakuli la makande, moyo ukiwa juu juu. Mti wa marehemu mumewe, Mbonea, ulikuwa umekonda mno. Alipofika, aliukuta una utepe, na Eliwaza, kiongozi wa wanafunzi, amesimama kando yake.

"Eliwaza, mwanangu!" Machozi yalimtoka. "Mungu akubariki. Nimekuletea makande."

"Bibi, watasema umenihonga," kiongozi yule alicheka, akaketi kula. "Babu ana mizizi mirefu. Amejiokoa mwenyewe."

Kando yao ulisimama mti mnene, majani yaking'aa, bila utepe.

"Na huu? Mbona mzuri hivi?"

Eliwaza alilamba kijiko taratibu. "Huo ni wa mama yangu. Kiongozi lazima aanze kukata wa kwao, watu wasije wakasema anapendelea."

Bi Nakijwa alimshika mkono, akashukuru tena kwa sauti ndogo.

Nyumbani, mjukuu wake aliyerithi jina la Mbonea alimpokea mlangoni na barua ya shule.

"Bibi, nimechaguliwa! Mwakani kiongozi ni mimi!"

Bi Nakijwa alimkumbatia kwa nguvu, macho yakitazama kilimani.

"Hongera, mume wangu," alisema.