Mwizi wa Mwisho wa Mwezi

Tangu wezi wa kweli waikombe karakana yake ya useremala, Bi Rukia alikuwa akijifanya mwizi kila mwisho wa mwezi. Akifanikiwa kutoka na kigoda, mafundi humpikia pilau. Akishindwa, huwapikia yeye.

Safari hii Makame, msimamizi, alitikisa kila komeo na kila bati, kisha akaegemea lango. "Leo tunakula cha mama!"

"Makame, mwanangu," sauti ikaita kutoka barabarani, "osheni mchele."

Akachungulia. Bi Rukia alikuwa amekalia kigoda, maranda ya mbao yamemjaa nyweleni hadi kopeni.

Makame akachukua nyundo, akakimbilia nyuma, kwenye tundu la kutupia maranda. Hapo kanga ya mama ilikuwa imenasa, ikipepea. Akabana misumari mdomoni ili alizibe, lakini kicheko kikamtoka, ikamwagika yote.